Kwa nini 110,000 inakaa juu ya 85,000 kwenye jedwali lako

Chukua jedwali la bei za mazao lenye safu tano: zao, soko, bei, kipimo, tarehe. Mnunuzi aliye Kibaigwa anagusa neno "Bei" akitegemea ya nafuu ianze. Inakuja 110,000, inafuata 62,000, kisha 85,000, na chini kabisa 9,500. Hakuna kosa lolote lililoandikwa kwenye konsoli, kwa sababu kwa kivinjari hakuna kosa. Kimelinganisha maandishi herufi kwa herufi: 1 iko kabla ya 6, 6 kabla ya 8, 8 kabla ya 9. Basi.

`sort()` ya JavaScript, usipoipa kilinganishi (msimbo unaosema kati ya vitu viwili kipi kitangulie), hugeuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, hata namba tupu. `[10, 9, 1].sort()` inakurudishia 1, 10, 9. Wengi wakishagundua hilo hukimbilia `parseInt`, na hapo ndipo hali inakuwa mbaya zaidi, maana `parseInt("85,000")` husoma 85 na kuishia kwenye koma. Ghafla gunia la 85,000 linakuwa rahisi kuliko kilo ya 900. `Number("85,000")` nayo inarudisha NaN (yaani "si namba"), na kilinganishi kikitoa NaN, `sort()` inahesabu kwamba vitu viwili viko sawa. Matokeo yake ni orodha ambayo kipande kimepangika na kipande kimeachwa kilivyokuwa, na ukibonyeza tena inabadilika bila mantiki.

Dawa ya haya yote ni moja: usipange kinachoonekana. Kila seli iwe na vitu viwili, maandishi ya macho na thamani ya kupangia.

```
<td data-thamani="85000">85,000</td>
```

Kama data inakuja kutoka kwenye seva kwa JSON, ambako namba na maandishi vinatofautishwa, ni rahisi zaidi. Bei ibaki namba 85000 tangu kwenye hifadhidata hadi kwenye kumbukumbu ya kivinjari, na koma ziwekwe hatua ya mwisho kabisa, wakati wa kuchora seli, kwa `Intl.NumberFormat('sw-TZ')`. Ukiona neno "TSh" limehifadhiwa ndani ya hifadhidata pamoja na namba, acha kuandika jedwali, rudi ukasafishe data kwanza.

Lakini si kila chenye tarakimu ni namba. Namba ya simu ukiigeuza kuwa namba inapoteza sifuri ya mbele, na 0754 inakuwa 754. Namba ya stakabadhi ni hivyo hivyo. Hizo ziache kuwa maandishi.

Kilinganishi chenyewe

Hiki kinatosha kwa majedwali mengi:

```
const herufi = new Intl.Collator('sw', {
  sensitivity: 'base', numeric: true
});
const tupu = v => v === null || v === undefined || v === '';

function linganisha(a, b, safu, mwelekeo) {
  const x = a[safu], y = b[safu];
  if (tupu(x) && tupu(y)) return 0;
  if (tupu(x)) return 1;
  if (tupu(y)) return -1;
  const tokeo = typeof x === 'number'
    ? x - y
    : herufi.compare(x, y);
  return mwelekeo === 'shuka' ? -tokeo : tokeo;
}
```

Mistari ya `tupu` haipo kwa urembo. `Number("")` ni 0, na `null - 5` ni -5. Soko ambalo halijaleta bei leo litajitokeza juu kabisa kama soko lenye bei nafuu kuliko yote, na mtu anaweza kufunga safari hadi Mpwapwa kwa ajili ya seli isiyo na kitu. Pasipo na bei paende chini, na paende chini pande zote mbili, ukipanga nafuu kwanza au ghali kwanza. Ndiyo maana alama ya kutoa imewekwa mwisho, baada ya watupu (seli zisizo na kitu) kushughulikiwa. Anayepanga mara moja kisha akaita `reverse()` ili kupata upande wa pili anawarudisha watupu juu, na anageuza pia mpangilio wa mistari iliyolingana.

Kosa jingine la kila siku ni `return a > b`. Hiyo hutoa kweli au uongo, yaani 1 au 0. Haitoi namba hasi kamwe, kwa hiyo `sort()` haiambiwi kwamba a inatangulia b. Kwenye data fupi ya majaribio inaweza kuonekana inafanya kazi.

`Intl.Collator`, chombo cha kivinjari cha kulinganisha maneno, itengenezwe mara moja, nje ya kilinganishi. Kuita `localeCompare` yenye lugha na mapendeleo ndani ya kila ulinganisho ni kazi ileile kurudiwa maelfu ya mara, na kwenye simu ya bei ya chini unaiona kwa macho. `numeric: true` inafanya "Ghala 2" litangulie "Ghala 10". `sensitivity: 'base'` inafuta tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Bila Collator, kwa `sort()` tupu, "chamwino" iliyoandikwa kwa herufi ndogo inakwenda kukaa chini ya "Zanka", kwa sababu kwenye jedwali la Unicode (orodha inayoipa kila herufi namba yake) herufi kubwa A hadi Z zinatangulia ndogo a hadi z.

King'ong'o cha Kigogo

Hapa Dodoma kuna mtego ambao mafunzo ya mtandaoni hayautaji, kwa kuwa waandishi wake hawana majina kama Ng'hambi na Ng'hong'onha. Ile alama ya ng' ina sura zaidi ya moja. Kibodi ya kompyuta hutoa ' ambayo ni U+0027. Simu nyingi na programu za kuandikia hutoa ’ iliyojikunja, U+2019. Wapo wanaoandika kwa ʼ, U+02BC, na wapo wanaobonyeza ile alama ya kona ya kushoto ya kibodi, U+0060. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi nne.

Kwa `sort()` tupu, Ng'hambi ya U+0027 inakaa kabla ya jina lolote linaloanza na Nga, na Ng’hambi ya U+2019 inakwenda chini ya Ngw. Kata moja, sehemu mbili za orodha, na mtu akijumlisha magunia ya kata anapata nusu. `Intl.Collator` inazisogeza karibu, lakini bado inazihesabu tofauti. Kisanduku cha kutafutia nacho kinaathirika: anayeandika kwa simu haoni kilichoingizwa kwa kompyuta.

Rekebisha wakati data inaingia:

```
jina = jina.normalize('NFC')
  .replace(/[\u2018\u2019\u02BC\u0060\u00B4]/g, "'")
  .replace(/\s+/g, ' ')
  .trim();
```

Kuna pendekezo la `ignorePunctuation: true` ndani ya Collator. Linasaidia, ila linapuuza na nafasi kati ya maneno, na U+02BC halipuuzwi kwa kuwa Unicode inaihesabu kuwa herufi. Safisha kwenye mlango, usitegemee kilinganishi kikufichie uchafu.

Hata ukisafisha alama, tahajia yenyewe inabaki. Ng'hong'onha ileile wengine wanaiandika Ng'ong'ona. Hapo hakuna msimbo wa kukuokoa: kata na wilaya zichaguliwe kwenye orodha, zihifadhiwe kwa namba ya utambulisho, zisiandikwe kwa mkono. Vivyo hivyo kwa rekodi za zamani zenye "Manispaa ya Dodoma" na za baada ya 2018 zenye "Jiji la Dodoma". Ukipanga kwa jina la halmashauri, moja iko M na nyingine iko J.

Tarehe, saa na mwaka wa fedha

"01/07/2024" ikipangwa kama maandishi inapangwa kwa siku: tarehe mosi zote za miaka yote zinakaa pamoja, kisha tarehe mbili zote. Majina ya miezi ni vichekesho zaidi: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Thamani ya kupangia iwe 2024-07-01, mwaka kwanza. Kwa mtindo huo hata upangaji wa herufi kwa herufi unatoa jibu sahihi.

Angalia lakini unavyoipata hiyo 2024-07-01. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Ukiandika `new Date(2024, 6, 1).toISOString()` (hapa 6 ni Julai) kwenye kompyuta iliyoko Dodoma unapata `2024-06-30T21:00:00.000Z`. Ukikata herufi 10 za mwanzo, malipo ya tarehe 1 Julai yamekuwa ya 30 Juni. Kwa ofisi nyingine ni siku moja tu imepotea, ila kwa taasisi zinazofuata mwaka wa fedha wa Serikali hayo ni malipo yaliyohamia mwaka wa fedha uliopita. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama maandishi ya tarehe, isipitishwe kwenye `Date` kabisa.

Ripoti za miezi kwa mwaka wa fedha nazo zinataka thamani yake ya kupangia, Julai iwe 1 na Juni iwe 12: `(mwezi + 5) % 12 + 1`, ambapo mwezi ni 1 hadi 12 wa kalenda.

Saa za Kiswahili ndizo zinazochekesha kuliko zote. Orodha ya mabasi yanayotoka stendi ya Nanenane ikionyesha "saa 12 asubuhi" na "saa 1 asubuhi", anayesoma anajua basi la saa 12 ndilo linaloondoka mapema. Collator yenye `numeric` inaona 1 kabla ya 12. Ionekane saa ya Kiswahili, kupanga kufanyike kwa 06:00 na 07:00.

Bei ya gunia lipi?

Safu ya bei inaweza kuwa namba safi, watupu wakakaa chini, na bado orodha ikawa ya uongo. Mstari mmoja ni bei ya gunia la kilo 100, wa pili ni bei ya debe, wa tatu ni bei ya kilo. Debe ni kipimo cha ujazo, lita 20, na alizeti ni nyepesi kuliko mahindi, kwa hiyo hakuna namba moja ya kugeuza debe kuwa kilo kwa mazao yote. Halafu kuna lumbesa: gunia lililoshindiliwa na kushonewa kichwa juu, linaloitwa gunia moja kwenye karatasi huku mizani ikisema vingine.

Kwa hiyo hifadhi namba mbili, bei iliyotajwa na uzito uliopimwa kwa mizani, na thamani ya kupangia iwe bei gawanya kwa uzito. Mfano wa hesabu tu: gunia la 90,000 lenye kilo 120 ni 750 kwa kilo, na la 85,000 lenye kilo 100 ni 850. Kwa bei ya gunia la pili linatangulia, kwa kilo la kwanza ndilo rahisi. Onyesha bei ya kilo kwenye seli, hata kwa maandishi madogo, la sivyo mtu ataona 90,000 iko juu ya 85,000 na atadhani programu ni mbovu. Mstari usio na uzito uliopimwa ni mtupu, nao unakwenda chini.

Kichwa cha safu

Kichwa kinachobonyezwa kiwe kitufe halisi ndani ya `th`. Ukiweka `onclick` kwenye `th` tupu, mwenye kutumia kibodi hafiki, na programu za kusomea skrini hazijui kwamba panabonyezwa.

```
<th aria-sort="ascending"><button type="button">Bei</button></th>
```

`aria-sort`, sifa inayoziambia programu hizo orodha imepangwa kwa safu ipi na upande upi, ikae kwenye safu moja tu, ile inayopanga sasa hivi, na uiondoe kwenye iliyotangulia. Mshale uchore kwa CSS ukitegemea sifa hiyohiyo, ili kinachoonekana na kinachosomwa visigombane.

Mguso wa kwanza uelekee wapi? Inategemea safu. Majina yaanze A, tarehe zianze mpya, bei zianze nafuu. Programu inayofungua tarehe za kale kwanza inamlazimisha kila mtu aguse mara mbili.

Na maneno uyachague vizuri. Kitufe kilichoandikwa "Bei kupanda" ni tafsiri iliyonyooka, ila kwa mfanyabiashara wa mahindi hiyo ni habari, tena mbaya. Andika "Nafuu kwanza" na "Ghali kwanza". "Panga" nayo ukiiweka tupu kwenye tovuti ya nyumba za Area C au Kisasa, mtu atadhani anaalikwa kuwa mpangaji. "Panga orodha" inamaliza utata.

Kwenye simu jedwali mara nyingi hugeuzwa kadi, kila mstari kisanduku chake, na vichwa vya safu vinapotea. Kwa kupotea kwake vimeondoka na vitufe vya kupangia. Weka `select` moja juu ya orodha yenye chaguo nne au tano zenye maana, siyo kila safu mara mbili. Ukiamua kuacha jedwali na kichwa kigande juu kwa `position: sticky; top: 0`, kumbuka kwamba ukilizungushia kisanduku cha `overflow-x: auto` kichwa kinaganda kwa kisanduku hicho, siyo kwa ukurasa, na kitaonekana hakigandi kabisa. Kipe kisanduku `max-height` kisogee chenyewe ndani.

Kuhamisha mistari baada ya kupanga hakuhitaji kufuta na kuchora upya. `tbody.append(...mistari)` inahamisha zile zilizopo, hairudufishi, na kisanduku kilichowekwa tiki kinabaki na tiki yake.

Data ikizidi, kupanga kuhamie kwenye seva

Kwa mistari mia chache panga kwenye kivinjari: ni papo hapo na bando halitumiki. Ikifika maelfu, na hasa ukishaigawa kwa kurasa, kivinjari kinapaswa kuacha kazi hiyo. Kupanga mistari 25 iliyoko mbele yako kati ya 6,000 ni udanganyifu: "nafuu kwanza" inakupa nafuu ya ukurasa huo tu.

Kwenye seva jina la safu haliwezi kupitishwa kama thamani ya kawaida ya ombi la SQL. Ukiandika `ORDER BY $1` kwenye PostgreSQL na kuipa neno "bei", haikasiriki na haipangi, kwa kuwa inapanga kwa neno lisilobadilika. Ukichoka ukaunganisha neno la mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL, umefungua mlango wa wezi. Njia salama ni orodha fupi ya ruhusa:

```
const SAFU = {
  bei: 'bei_kwa_kilo', tarehe: 'tarehe', soko: 'jina_la_soko'
};
const safu = SAFU[ombi.panga] ?? 'tarehe';
const upande = ombi.upande === 'panda' ? 'ASC' : 'DESC';
```

(Tumia `Object.hasOwn` kama una wasiwasi na maneno kama `constructor`, na uwe na wasiwasi.)

Kisha daima malizia kwa kitu kisichofanana: `ORDER BY bei_kwa_kilo ASC NULLS LAST, id ASC`. Bei zinafanana sana sokoni. Mistari 40 ikiwa na bei moja na hujasema ipi itangulie, hifadhidata ina uhuru wa kuibadilisha kila ombi, na muuzaji mmoja ataonekana ukurasa wa 1 na wa 2 huku mwingine asionekane popote. Kuhusu watupu, PostgreSQL huwaweka mwisho kwa ASC na mwanzo kwa DESC, MySQL hufanya kinyume, na haina `NULLS LAST`. Huko andika `ORDER BY bei_kwa_kilo IS NULL, bei_kwa_kilo, id`.

`OFFSET 5000` inasoma mistari 5,000 na kuitupa kabla ya kukupa 25. Kama kitufe ni "Onyesha zaidi", anza ulipoishia: `WHERE (bei_kwa_kilo, id) > (750, 4312)`, ukiwa na faharasa ya safu hizo mbili kwa mpangilio huohuo. Haifanyi kazi kwa watupu wala safu mbili zikielekea pande tofauti.

Upande wa kivinjari, safu ikibadilishwa rudi ukurasa wa 1. Ombi la zamani lifutwe kwa `AbortController`, la sivyo mtandao ukisuasua jibu la mguso wa kwanza litafika baada ya la pili na kulifuta. Mistari ya zamani iache ifif­ie rangi wakati wa kusubiri, usiifute. Na mpangilio uandike kwenye anwani, `?panga=bei&upande=panda`, mtu akituma kiungo WhatsApp mwenzake aone orodha ileile.

Data ya majaribio isiwe ya mistari mitatu safi. Weka bei tupu mbili, bei 9,500 na 110,000, bei tatu zinazolingana, Ng'hambi ya kila alama, "chamwino" kwa herufi ndogo, Ghala 2 na Ghala 10, tarehe 30 Juni na 1 Julai, na gunia moja la lumbesa. Bonyeza kila safu mara mbili, kisha fungua orodha hiyohiyo kwenye simu ya zamani: kabla ya Chrome 70 ya 2018, `sort()` ya Chrome haikuhakikisha kwamba mistari inayolingana inabaki ilivyokuwa, kwa hiyo huko nako utahitaji id ivunje sare.